Jinsi ya kuchora uwanja wa vita wa Kiholanzi wa karne ya 18 kwa kalamu ya unyoya na wino uliozimuliwa

Dirk Langendijk alizaliwa Rotterdam mwaka 1748 na akafia huko huko mwaka 1805. Katika uhai wake majeshi ya Prussia yaliingia Uholanzi mwaka 1787, ya Ufaransa yakafuata mwaka 1795, na mwaka 1799 Waingereza pamoja na Warusi wakateremka kwenye fukwe za kaskazini. Langendijk alichora vita vya zama zake kwa kalamu, wino na maji. Ndani ya karatasi unayoweza kuishika kwa mikono miwili anapanga watu makundi kwa makundi: wanaofyatua bunduki, wanaokimbia, wanaoburuta majeruhi, farasi aliyeanguka na mpandaji wake. Hakuna anayepotelea ndani ya mwenzake, na jicho linausoma uwanja mzima bila kuhangaika.

Mwongozo huu ni wa kuchora picha ya namna hiyo wewe mwenyewe, tangu karatasi hadi mstari wa mwisho. Nitachukua ukubwa wa sentimita 30 kwa 45, karatasi ikiwa imelala, yaani upande mrefu ukiwa chini. Picha ndogo zaidi itakunyima nafasi ya sura na silaha. Kubwa zaidi itakushinda wakati wa kupaka, kwa sababu wino utakauka kabla hujafika mwisho.

Kabla ya yote, lishike jambo moja. Kila cheupe unachokiona katika michoro hii ni karatasi yenyewe. Moshi wa mizinga, mahema, mikanda ya ngozi inayokatiza vifua vya askari, suruali zao, mgongo wa farasi mweupe: hivyo vyote viliachwa. Mchoraji huamua kwanza atakachokiacha, ndipo afikirie atakachokichora. Ukikosea hapo, hakuna ustadi wa kalamu utakaokuokoa, maana wino ukishaingia kwenye karatasi hautoki.

Tazama kabla ya kushika kalamu

Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka michoro yake mingi kwenye tovuti, na unaweza kuipakua bure kwa ukubwa wa kutosha kuona nyuzi za karatasi. Anza na Langendijk. Kisha mtafute Robert Jacob Gordon, ofisa aliyeongoza kikosi cha ulinzi cha Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi Mashariki kule Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1779 alifika kwenye mto mkubwa wa Afrika Kusini na kuupa jina la Orange, kwa heshima ya mtawala wa Uholanzi. Safari zake zilizaa michoro ya milima, wanyama na watu, mingi ikiwa kazi ya msaidizi wake Johannes Schumacher. Mtafute pia Johannes Rach, Mdenmark aliyekuwa mwanajeshi wa mizinga Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akachora ngome, mitaa na nyumba za huko hadi alipofariki mwaka 1783. Nawataja hawa wawili kwa makusudi. Jeshi la wakati huo lilihitaji watu wa kuchora kama lilivyohitaji watu wa kupima bunduki zinafika wapi, na mazoea ya jeshi yanaonekana katika mikono yao: mstari mfupi, usiosita, uliopimwa.

Chagua mchoro mmoja uutazame kwa njia mbili. Kwanza ukuze mpaka uone mistari ya penseli iliyojificha chini ya wino na kingo za kila mpako, yaani tabaka la wino uliozimuliwa lililopakwa kwa brashi. Halafu upunguze mpaka uwe mdogo kama stempu. Katika udogo huo watu wanatoweka na kinachobaki ni mabaka matatu: baka zito mbele, mara nyingi upande mmoja, baka jeupe katikati, ambako tukio linatokea, na ukungu wa kijivu kule mbali. Yachore mabaka hayo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi. Hiyo ndiyo mifupa ya picha.

Vifaa

Karatasi. Katika karne ya 18 karatasi ya Kiholanzi ilisifika Ulaya nzima, hasa ile ya vinu vya upepo vya eneo la Zaan, vya koo kama Honig, Van der Ley na Blauw. Ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, kisha ikachovywa kwenye gundi iliyochemshwa kutoka ngozi za wanyama. Gundi hiyo ndiyo siri yenyewe: inauzuia wino usinywewe mara moja, mchoraji akapata muda wa kuusambaza. Leo nunua karatasi ya rangi za maji iliyotengenezwa kwa pamba, yenye uso laini, uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kama duka lako halina, ipime iliyopo kwa kudondosha tone la maji pembeni. Tone likikaa juu kwa muda kabla ya kuzama, karatasi inafaa. Likinywewa papo hapo, iache.

Iloweshe karatasi kwa sponji, ilaze juu ya ubao, ibandike kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya maji, kisha iache ikauke usiku kucha. Itajikaza na haitakunjamana utakapoanza kupaka.

Wino. Waholanzi walikuwa na aina kadhaa. Wino mweusi wa masizi uliochanganywa na gundi ulikuja kama vijiti vigumu kutoka China, nao wakauita wino wa Uhindi Mashariki. Wino wa kahawia wa bista ulitoka kwenye masizi ya kuni. Wa tatu ulikuwa wino wa chuma, mchanganyiko wa tanini ya vinundu vya mti wa mwaloni, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Wino wa chuma unaandika ukiwa hafifu, halafu hukolea kadiri hewa inavyoupiga. Una kasoro moja kubwa: asidi yake huila karatasi, na ndiyo sababu baadhi ya michoro ya kale ina matundu mahali palipokuwa na mstari mzito. Kwa kazi hii tumia wino wa masizi, wa kijiti ukiweza kuupata. Wino wa chupa wenye lakri (utomvu unaokauka ukawa mgumu kama vanishi) ni mgumu kwa kalamu ya unyoya, kwani hukauka kwenye ufa wa ncha na kuuziba.

Kalamu. Manyoya marefu ya bawa la bata bukini ndiyo bora kwa mistari ya kawaida. Unyoya wa kunguru unatoa mstari mwembamba wa kuchorea vifungo na nyuso. Anayetumia mkono wa kulia achague bawa la kushoto, kwa sababu mpindo wake unaelekea nje ya kidole.

Brashi mbili za mviringo zenye ncha kali, moja nene na moja ya wastani, vibakuli vinne vyeupe, kisu kikali sana na penseli ngumu kiasi. Hayo yanatosha.

Kuchonga unyoya

Unyoya mbichi ni laini na mstari wake hulegea. Waholanzi walijulikana kwa ufundi wa kuukausha kwa moto. Loweka mrija wa unyoya kwenye maji usiku kucha. Asubuhi pasha mchanga safi kwenye kikaango cha zamani, uwe moto wa kukausha tone la maji mara linapoangukia. Chomeka mrija ndani ya mchanga kwa sekunde chache, utoe, utazame. Ukibadilika kutoka weupe wa maziwa ukawa wa kupenyeza mwanga kama ukucha, umeiva. Ukianza kujikunja au kutoa malengelenge, moto ulizidi.

Kata ncha kwa mshazari mrefu. Geuza, pasua ufa mdogo katikati ya mgongo wa mrija, usiozidi milimita tano. Chonga mabega pande zote mbili mpaka ncha iwe nyembamba, kisha weka ncha juu ya kipande cha mbao ngumu na uikate mara moja tu kwa kisu kilichosimama. Mkato wa kusitasita huacha ncha yenye nywele. Chonga kalamu tatu au nne kwa pamoja, kwa kuwa zinachakaa haraka na ni kero kuacha mchoro katikati ili kuchonga.

Kupanga uwanja kwa penseli

Chora mstari wa upeo wa macho sentimita 10 kutoka chini. Uholanzi ni nchi tambarare na anga lake ni kubwa. Theluthi mbili za karatasi zinabaki kuwa mbingu na moshi. Ukitaka miinuko, weka vilima vya mchanga vya pwani, kama vile ambako majeshi yalipambana karibu na Bergen tarehe 19 Septemba 1799 na Castricum tarehe 6 Oktoba mwaka huo huo.

Sasa inakuja kanuni ambayo ningependa uijaribu hata kama hutachora picha nzima. Jifanye unatazama vita ukiwa umepanda farasi, macho yako yakiwa kama mita mbili na nusu kutoka ardhini. Kwenye ardhi tambarare vichwa vya wapanda farasi wote vitagusa mstari wa upeo, wawe karibu au mbali. Askari wa miguu aliyesimama, popote alipo, atafika theluthi mbili ya umbali kutoka nyayo zake hadi upeo. Nyayo zikiwa sentimita 6 chini ya upeo, askari ana urefu wa sentimita 4. Zikiwa sentimita 1.5 chini yake, ana sentimita 1. Hesabu hii ndogo inaondoa kosa linaloua picha nyingi za vita, la watu wanaoonekana kuelea au kuzama. Kwenye vilima utairekebisha kwa jicho, lakini anza nayo kwenye tambarare.

Kikosi usikichore mtu kwa mtu. Askari wa miguu wa wakati ule walisimama bega kwa bega, safu moja nyuma ya nyingine, wakawa kama ukuta. Chora sanduku refu lililolala. Juu yake weka mstari wa kofia, ukiuvunja hapa na pale ili usiwe kama msumeno. Juu ya kofia weka msitu wa singe. Chini, chora miguu ya wale wa mbele tu na wa pembeni. Ya waliobaki acha kivuli kiimeze. Watu kamili, wenye nyuso na mikono, wawe wachache, na wawe mbele au mahali tukio linapokolea. Wape kazi: mmoja anapakia bunduki, mwingine anamshika mwenzake kwapani, mpiga ngoma ameinama.

Uwe mwaminifu katika mavazi. Kofia za pembe tatu zilitawala sehemu kubwa ya karne; kuelekea mwisho wake zile za pembe mbili zikachukua nafasi. Askari wa miguu wa Kiholanzi wengi walivaa koti la buluu iliyokoza, na Brigedi ya Waskoti iliyotumikia Uholanzi ilivaa nyekundu. Bunduki ilikuwa ya gumegume, urefu wake takriban mita moja na nusu, na singe ikichomekwa inampita askari kimo. Wachoraji wengi wa leo huifupisha, na kikosi kizima kinaonekana kimebeba vijiti.

Mwisho wa hatua hii, rudi kwenye mabaka yako matatu na uweke msalaba mdogo wa penseli ndani ya kila eneo litakalobaki jeupe.

Mstari

Zimua wino katika vibakuli. Cha kwanza kiwe maji yaliyoingia kivuli cha kijivu tu. Cha pili kiwe kama moshi. Cha tatu kama wingu la mvua. Cha nne wino karibu mtupu. Jaribu kila kimoja kwenye ukanda wa karatasi ile ile na usubiri ukauke, kwa sababu wino uliolowa hudanganya: ukikauka unapauka.

Anza mbali, na wino wa kibakuli cha pili. Mnara wa kanisa, kinu cha upepo, safu za askari zilizokuwa vijistari tu. Sogea katikati na wino wa tatu. Sehemu ya mbele iache kwa sasa ikiwa na mistari michache ya wino wa tatu. Wino mtupu utakuja mwisho. Kwa njia hii kalamu yenyewe inajenga umbali kabla brashi haijaguswa.

Amua mwanga unatoka kushoto. Upande wa kushoto wa kila mtu, mstari uwe mwembamba na ukatike; upande wa kulia uwe mzito na mfululizo. Mgongo wa farasi unaopigwa na jua hauhitaji mstari kabisa kama kuna kivuli nyuma yake. Nyuso za wadogo zinahitaji vitu viwili tu, kivuli chini ya kofia na nukta ya pua. Ukiongeza macho na mdomo kwenye kichwa cha milimita tano, umetengeneza kinyago.

Acha wino ukauke mpaka kesho. Wino wa masizi na gundi hautashika kama wa lakri. Ukipitisha brashi mara mbili mahali pamoja, mstari utachafuka. Mpako upite mara moja na uendelee.

Mipako

Inamisha ubao kidogo kwa kuweka kitabu chini ya upande wa juu. Jaza brashi nene kwa wino wa kibakuli cha kwanza, anza juu kushoto, vuta kwenda kulia, na uhakikishe kuna ushanga wa maji unaoteremka na brashi. Ushanga huo ukikauka, utabaki na alama ya ukingo. Funika anga, ardhi na watu kwa pamoja, ukizunguka misalaba yako tu. Ndiyo, watu nao. Mpako huu wa kwanza ndio unaowaunganisha na hewa wanayoivuta.

Ngoja ukauke kabisa. Gusa kwa mgongo wa mkono: ikiwa karatasi bado ya baridi, ina maji. Mombasa au Tanga wakati wa masika utasubiri sana, na kusubiri huko hakuna mkato.

Mpako wa pili, kwa kibakuli cha pili, uingie kwenye vivuli vyote: upande wa kulia wa makoti, matumbo ya farasi, mashimo ya ardhi, vivuli vinavyolala chini. Hivi vya chini vielekee upande mmoja wote. Hapa ndipo makundi yanapozaliwa. Askari kumi wenye vivuli vinavyogusana wanakuwa kitu kimoja; askari kumi wenye vivuli kumi vilivyotengana wanabaki kuwa makombo. Waunganishe kwa ujasiri.

Makoti ya buluu yanahitaji kijivu cha kati hata kwenye upande wa mwanga, ili suruali nyeupe na mikanda iruke mbele ya macho. Mistari ya mikanda ni finyu, kwa hiyo tumia ncha ya brashi ndogo na upake pande zake mbili.

Moshi unastahili subira zaidi ya vyote. Baruti nyeusi ilitoa moshi mweupe mzito, na baada ya milipuko michache sehemu kubwa ya uwanja ilifunikwa. Kwa mchoraji hiyo ni neema, kwa sababu moshi unaficha visivyohitajika na kuwaangazia waliosimama mbele yake. Paka anga ya kijivu kuzunguka wingu la moshi, na kabla ukingo haujakauka uuguse kwa brashi safi yenye maji. Ukingo utayeyuka. Upande wa chini wa wingu, karibu na mdomo wa mzinga, acha ukingo ukiwa mkali. Upande wa juu ulainishe mpaka usione linapoishia. Ndani ya wingu ongeza kijivu kidogo cha kwanza upande wa kulia ili liwe na tumbo.

Mpako wa tatu ni wa mbele tu: kile kipande cha ardhi kilichoinuka, gurudumu la mkokoteni, shina la mti lililovunjika, askari aliyeketi akitupa mgongo. Giza hili linasukuma mwanga kurudi katikati.

Kalamu tena

Chukua wino wa kibakuli cha nne na unyoya wa kunguru. Gonga mahali pachache: chini ya kofia za wale wa mbele, kwato, kifyatulio cha gumegume, ufa kati ya mkono na mbavu, mdomo wa mzinga. Langendijk hupenda kuweka giza hili kali jirani kabisa na karatasi tupu, na hapo ndipo jicho hutua kwanza. Mguso kama huo ukiupeleka kule mbali, umbali wote ulioujenga utaporomoka.

Ukipendelea ngome kuliko mapigano

Wahandisi wa kijeshi walikuwa na lugha yao ya kuchora. Aliyepanda Ngome ya Yesu, Mombasa, ameziona pembe zinazochomoza ili ukuta mmoja uulinde mwingine. Ngome za Uholanzi zilijengwa kwa wazo hilo hilo, zikiwa na udongo mwingi na maji mapana ya kuzunguka. Menno van Coehoorn, aliyefariki mwaka 1704, ndiye mbunifu wao mkuu, na Bergen op Zoom aliyoiimarisha ilidhaniwa haishindiki mpaka Wafaransa walipoiteka tarehe 16 Septemba 1747.

Katika ramani za ngome kuta za mawe au matofali hupakwa nyekundu, kazi ambazo bado hazijajengwa hupakwa njano, na maji hupakwa buluu au kijani. Kijani cha shaba kilichotumika enzi hizo nacho hula karatasi, kwa hiyo tumia rangi ya kisasa. Mteremko wa udongo huonyeshwa kwa kijivu kinachofifia kuanzia ukingo wa juu kwenda chini, na mwanga hutoka juu kushoto. Weka kipimo kwa roede za Rijnland, kipimo cha urefu cha Kiholanzi, kama walivyofanya wao. Roede moja ni futi 12 zao, karibu mita 3.77.

Kumalizia

Kausha siku nzima, kisha futa penseli kwa kifutio laini bila kusugua mipako. Piga mstari wa fremu kwa rula, sentimita moja kutoka kwenye ukingo wa mchoro, na mwingine mwembamba nje yake. Andika chini jina la mahali na tarehe ya tukio. Wakusanyaji wa Kiholanzi walipanga michoro na picha za chapa za historia katika majalada makubwa waliyoyaita atlasi, na maandishi hayo ndiyo yaliyowasaidia kuipanga. Weka sahihi yako na mwaka uliochora, isije baadaye ikadhaniwa ni ya kale.

Kata utepe kwa kisu ukianza na upande mrefu. Usitundike penye jua, hasa kama umetumia bista, maana hupauka. Pwani, kagua nyuma ya fremu kila baada ya masika kama kuna ukungu. Michoro ambayo hutaiweka ukutani ilaze kati ya karatasi zisizo na asidi, na ile ya wino wa chuma, kama ulijaribu, ihifadhi peke yake, kwa sababu asidi yake hupenya hadi kwenye karatasi ya jirani.